Fumua

Kofia yangu ya kwanza niliishona miezi minne
kibarazani kwetu Langoni, mgongo ukutani,
punda wakipita na mifuko ya saruji
nami nikikunja miguu kuwapisha.
Mama aliitazama, akasema mashaallah.
Shangazi Mwanaidi akaipiga picha, akaituma Mombasa,
Mombasa wakajibu kwa maua na mioyo.
Muuza kahawa, asiyejua sindano wala uzi,
alinimiminia kikombe cha bure.

Nikaipeleka Mkomani kwa Bi Tima, nduguye nyanya,
nikiwa nimekwisha kuzihesabu pesa zake.

Alivaa miwani. Akaigeuza kofia ndani nje
(ndani! mahali ambapo hakuna aliyetazama)
akapitisha ukucha wa kidole gumba, tundu kwa tundu,
kama apukuchuaye hindi.
Ukucha ukasimama.
"Hapa ulikuwa na haraka ya nini?"
Nikanyamaza.
"Na hapa ulikuwa na hasira."
Kweli, siku ile niligombana na Twalib
juu ya deni la simu. Alijuaje?
"Usoni umeshona vizuri sana,
maana usoni ndiko kunakoonekana.
Kisogoni umemdharau mvaaji.
Fumua kuanzia hapa."
Akanipa wembe.

Sikufumua.
Niliondoka na wembe wake mfukoni,
na maneno makali niliyokosa kumwambia
nikayaambia kuta za vichochoro,
ambazo zimesikia makubwa kuliko hayo.
Amezeeka, nikasema. Ana kijicho, nikasema.
Kofia nikamuuzia Shekuwe, bwana harusi wa Shela,
aliyekuwa na haraka kama yangu.

Ilifuliwa mara mbili, ikarudi.
Haikurudi na matusi; ingekuwa nafuu.
Ilirudi kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa kwa adabu,
kisogoni uzi umelegea, vitundu vimeachama
kama watoto waliosahau jibu.
Usoni inameta, haina habari.
Nilikaa nayo mpaka adhana ya isha,
kisha nikautafuta wembe.

Kufumua ni kazi isiyo na picha ya kutuma Mombasa.
Unakata uzi ulioununua mwenyewe,
unazivuta saa zako moja moja
zikakuangukia mapajani kama nywele kwa kinyozi.
Siku tatu.
Ya nne nikarudi Mkomani.
Hakusema, si nilikwambia?
Alisogea tu: "Ndoo, keti,"
akaniachia upande wa mkeka wenye mwanga.

Miaka sita.
Kaza. Legeza. Uzi huu umeununua wapi, kwa adui?
Na siku moja, bila kuinua kichwa: "Hapa sawa."
Hiyo sawa niliibeba hadi nyumbani
kama sufuria ya moto, kwa mikono miwili.

Juzi alinionyesha kofia anayomshonea kitukuu.
Mtoto wa jicho ameshalifunga jicho la kulia,
na safu ya tatu imepanda kilima, ikashuka.
Niliiona kabla sijaigeuza.
Nikasema, "Nzuri, Bi Tima. Mashaallah."

Akanitazama kwa lile jicho lililobaki.
"Nimekukosea nini,
hata unisifu kama mgeni?"

Nikaketi. Nikaigeuza kofia ndani nje.
Ukucha wangu ukaenda, ukaenda, ukasimama.
"Hapa," nikasema, na koo limenikauka. "Safu ya tatu. Imepanda."
"Wapi?"
Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya kosa.
Alilipapasa kitambo, kama anayesalimiana nalo,
halafu akacheka, kicheko cha msichana aliyekamatwa na sukari mdomoni.
"Nilikuwa na haraka," akasema,
akanyoosha mkono.
Nami nikautoa mfukoni
wembe wake, wenye kutu pembeni.